Utakula Leo au Kesho? Wiki ya Kununua Chakula Provence

Jumamosi

Nyumba za likizo kusini mwa Ufaransa hukodishwa Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo mwisho wa Julai barabara kuu ya A7 huwa imejaa wanaokuja na wanaoondoka kwa pamoja. Tulitua Marseille adhuhuri, tukachukua gari la kukodi, na mwendo ambao kwa kawaida ni wa saa moja ukatumaliza alasiri yote. Tuko wanne: mimi, mume wangu, binti yetu anayesoma Kifaransa skuli huko Uingereza tunakoishi, na Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Unguja kututembelea. Nyumba iko kijijini, baina ya Cavaillon na L'Isle-sur-la-Sorgue, imezungukwa na mashamba ya matofaha, na ina jiko zuri. Mkahawani hatutakwenda sana. Kwanza bei, pili nyama: tunakula halali, na mpishi wa Kifaransa akishamimina divai kwenye mchuzi hakuna mjadala tena.

Kabla ya kuchukua funguo tulipita supamaketi, na hapo nilikuwa na haraka kweli, maana kesho Jumapili. Sheria ya kazi ya Ufaransa inaruhusu maduka ya chakula kufungua Jumapili mpaka saa saba mchana tu. Zipo supamaketi zinazoendelea baada ya hapo kwa kuacha mashine za kujilipia peke yake, bila mfanyakazi, lakini ukiwa mashambani usizitegemee. Asiye na mchele ndani ya nyumba Jumapili jioni atalalia mkate, na mkate wenyewe awe ameununua asubuhi.

Toroli inataka sarafu ya yuro moja ndiyo ifunguke mnyororo. Sarafu unarudishiwa ukiirudisha toroli. Mifuko ya plastiki ya kutupa ilipigwa marufuku kaunta tangu Julai 2016, kwa hiyo kapu uje nalo. Bi Mkubwa alikuwa na lake la ukili kutoka nyumbani, na mlangoni tu bibi mmoja wa Kifaransa akalishika, akaligeuzageuza na kutaka kujua linauzwa wapi. Matunda na mboga, katika supamaketi nyingi, unajipimia: mfuko juu ya mizani, unagusa picha ya kitunguu kwenye kioo, inatoka stika. Kila kitu rafuni kina bei mbili, kubwa ya pakiti na ndogo ya kilo au lita. Soma hiyo ndogo.

Maziwa yako rafuni, nje ya friji, masanduku kwa masanduku, kwa sababu Wafaransa wengi hutumia yale yaliyochemshwa kwa moto mkali yakakaa miezi. Yale ya friji yana kona ndogo. Mayai nayo yako nje, na kila yai lina muhuri unaoanza na namba: 0 ni la kilimo hai, 1 kuku anatoka nje, 2 amefugwa bandani bila kizimba, 3 yuko kizimbani. Bi Mkubwa alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza, "Na wa kienyeji ni namba ngapi?" Tukachukua 1.

Mchele ulituchelewesha. Ufaransa inalima mchele wake, kwenye delta ya mto Rhône huko Camargue, si mbali na hapa, na jina hilo linalindwa kisheria Ulaya tangu mwaka 2000. Upo mweupe wa duara na upo mwekundu. Bi Mkubwa aliukagua mweupe kupitia dirisha la pakiti, akasema huo ni wa uji, akachukua basmati. Mimi nikatia mwekundu chini ya kapu kimyakimya. Binti alipewa kazi ya kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti: mtindi huu una jelatini ya nguruwe, biskuti zile zina mafuta ya nguruwe, hizi hazina. Kufika kaunta, keshia amekaa kwenye kiti, anasukuma vitu kwa kasi, na hakuna wa kukupakilia. Ukizubaa, vitunguu vya mteja anayefuata vinapanda juu ya mayai yako.

Jumapili

Soko la Jumapili la L'Isle-sur-la-Sorgue linaanza asubuhi mapema, na baada ya saa sita na nusu mchana watu wanafunga turubai. Ukifika saa nne hupati pa kuegesha gari. Tulifika saa mbili na robo. Mto Sorgue, unaotoka kwenye chemchemi ya Fontaine-de-Vaucluse kilomita chache juu, umegawanyika mjini kuwa mifereji, na kwenye mifereji kuna magurudumu makubwa ya mbao yaliyoota kuvumwani, yanazunguka polepole. Meza za soko zimepangwa kando ya maji na ndani ya vichochoro. Mji huu ni maarufu pia kwa wauza vitu vya kale, hivyo mume wangu alipotea muda mrefu mbele ya kabati ambalo tusingeweza hata kulipandisha ndegeni.

Kitu cha kwanza ni salamu. Huendi mezani ukaanza na "nipe". Unasema "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur", unajibiwa, ndipo biashara. Niliona kijana mmoja, mtalii, akielekeza kidole kwenye mizeituni bila kusema neno. Mwenye meza alimwamkia yeye, kwa sauti, akangoja. Kijana akaitikia, akahudumiwa. Bi Mkubwa aliridhika sana. "Hawa wamelelewa," akasema, na tangu hapo hakuna meza aliyoipita bila kuiamkia, hata kama hana haja nayo, jambo lililofanya mwendo wetu uwe wa konokono.

Cha pili ni mikono, na hapo palikuwa na kazi. Mtu aliyenunua sokoni Darajani, Unguja, miaka yote hiyo hawezi kununua nyanya bila kuishika. Bi Mkubwa alinyoosha mkono, akaitwaa nyanya, akaiminya kwa kidole gumba. Mwenye meza, bwana wa makamo mwenye masharubu ya mvi na aproni ya buluu, aliitoa mkononi mwake taratibu, akairudisha mahali pake, akauliza kitu. Binti akafasiri: "Bibi, anauliza mtakula leo mchana, leo usiku au kesho?"

Bi Mkubwa akamtazama yule bwana. "Mwambie nne za leo mchana, za kachumbari. Kilo nyingine ya mchuzi, kesho."

Yule bwana akaanza kuchagua yeye. Za kachumbari alizichukua moja moja, akizigusa kwa ncha za vidole tu, akaziweka kwenye mfuko wa karatasi kikonyo kikiwa chini. Za mchuzi akatoa kreti jingine chini ya meza, nyanya zilizoiva sana, baadhi zimepasuka kidogo begani, akazipima kwa bei ya chini karibu nusu. Bi Mkubwa alinong'ona kwamba hata yeye angechagua hizo hizo. Kununua kwa kuchaguliwa kulimkera mpaka siku ya mwisho, lakini hakuweza kumlaumu yule bwana.

Swali hilo la leo au kesho tulilisikia wiki nzima, kwa muuza matunda, kwa muuza jibini, kwa bucha. Kiasi gani unataka linakuja baadaye.

Jibini la mbuzi, kwa mfano, meza moja ilikuwa nalo kwa umri: la siku chache, jeupe na lenye majimaji, la wiki mbili tatu, na kavu kabisa, gumu, la kukwangua. Lipo linaloitwa Banon, kutoka milimani upande wa mashariki, linafungwa ndani ya majani makavu ya mti wa chestnut na kukazwa kwa uzi wa ukindu. Ndani linalainika hadi kuliwa kwa kijiko. Mama wa meza alibonyeza matatu kabla ya kutupa moja la "kesho usiku". Wanaojali suala la kinachogandisha maziwa wajue kwamba jibini nyingi za kale za Kifaransa hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama au mwanambuzi. Sisi tunafuata kauli ya wanaoruhusu. Bi Mkubwa aliacha, akala mizeituni.

Viungo vya pilau vinauzwa pia, ndani ya magunia madogo yaliyokunjwa midomo kwa ajili ya picha. Karafuu kwa gramu mia, bei ya kukuondoa usingizi. Bi Mkubwa alinusa gunia kwa mbali, akasema zimelala. Nikamwambia kwamba aliyezitoa karafuu visiwa vya Moluccas kwa siri, wakati Waholanzi wakizihodhi, ni Mfaransa, Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon, akazipanda Mauritius miaka ya 1770. Na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndiko mche ulikofikia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. "Basi ni zetu tangu hapo," akasema, akafunga mkoba.

Mwisho wa soko kuna gari la kuku wa kuchoma, wanazunguka safu kwa safu na mafuta yakidondokea viazi vilivyo chini. Si halali. Tulipita upesi, mume wangu akiwa amegeuza uso upande wa mto.

Jumatatu

Jumatatu ni siku ngumu ya chakula Ufaransa. Mabucha na waoka mikate wengi waliofanya kazi Jumapili hupumzika siku hii, na soko kubwa la ndani la Avignon limefungwa. Lakini Cavaillon wamejaaliwa: soko lao la wiki ni Jumatatu, na Cavaillon ni mji wa matikiti.

Tikiti la huku ni dogo, linajaa viganja viwili, ngozi laini ya kijani hafifu yenye mistari, ndani rangi ya chungwa. Harufu yake inakupokea kabla hujaiona meza. Alexandre Dumas alipoombwa na mji huu nakala za vitabu vyake kwa ajili ya maktaba mwaka 1864, alikubali kwa sharti: alipwe matikiti 12 kila mwaka maisha yake yote. Baraza la mji likakubali. Nadhani katika mapatano hayo aliyefaidi ni mwandishi.

Muuza matikiti wetu alikuwa kijana mwenye kofia ya jua. Swali likaja: ya lini? Tukasema moja leo mchana, moja kesho, moja keshokutwa. Alichukua tikiti, akalipima uzito mkononi, akalinganisha na jingine la ukubwa ule ule. Zito zaidi ndilo lenye sukari. Akaligeuza akanusa upande usio na kikonyo. Kisha akatuonyesha kikonyo chenyewe: kikiwa kimeanza kupasuka kwa duara, kama kinataka kujitoa, tikiti limeiva, liliwe leo. Kikiwa kimeshikilia, ngoja. Alipomaliza alitoa kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya ngozi: lundi, mardi, mercredi, yaani Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Tuliyala kwa mpangilio wa maandishi hayo, na sijui alifanyaje, kila moja liliiva siku yake.

Nyama ilikuwa jambo la pili. Cavaillon kuna familia nyingi zenye asili ya Moroko, waliokuja vizazi vilivyopita kufanya kazi kwenye mashamba haya haya ya matikiti na matofaha, kwa hiyo bucha la halali halitafutwi kwa shida. Tuliingia moja mtaa wa nyuma, Bi Mkubwa akatoa "Assalamu alaikum," akaitikiwa na duka zima, wateja kwa wauzaji. Siku hiyo binti yetu alipumzika kufasiri. Mwenye bucha aliuliza kwa ishara: tajini, ule mchuzi wa Kimoroko, au choma? Bi Mkubwa akasema "pilau", neno ambalo halikuhitaji maelezo, akaonyesha ukubwa wa kipande kwa kidole cha shahada. Mzee akakata bega la kondoo vipande vya kadiri hiyo, na mfupa ndani. Bucha la kawaida la Kifaransa lingetoa mfupa, likavingirisha nyama na kuifunga kwa uzi, maana wao bega huliingiza tanurini. Akatuongezea soseji nyekundu za merguez nne, za watoto, akasema, ingawa mtoto tulikuwa naye mmoja. Karibu na kaunta yake kulikuwa na kotmiri mbichi mafungu makubwa, ndimu, tende, na mtindi usio na jelatini. Nusu ya orodha yetu ya wiki iliishia pale.

Usiku pilau. Jirani wa nyumba ya pili, mzee wa Kibelgiji, alikuja kuuliza harufu hii inatoka wapi, akaondoka na sahani.

Jumanne

Mkate sasa. Kijijini kuna waoka mikate wawili, na mmoja akifunga mwenziwe hufungua, kwa hiyo karatasi ya siku za kufunga iliyobandikwa kwenye kioo ni ya kupigwa picha siku ya kwanza. Duka haliruhusiwi kujiita "boulangerie" mpaka mkate uwe umekandwa na kuokwa hapo hapo. Sheria hiyo ni ya 1998. Na kuna mkate mwembamba mrefu wa kawaida, na kuna ule unaoitwa "tradition", ambao kwa amri ya serikali ya 1993 hauwekwi viongezeo wala haugandishwi kwenye friza hatua yoyote. Tofauti ya bei ni senti chache. Chukua "tradition". Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kutengeneza mkate huu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na foleni ya saa moja na nusu asubuhi inaonyesha kwamba wanakijiji hawakuhitaji kuambiwa.

Mbele yetu kila mtu alitoa agizo tofauti: uliowiva sana, usiowiva sana, nusu mkate. Ndiyo, unaweza kununua nusu. Na kila aliyetoka alivunja ncha ya mkate wake akaitia mdomoni kabla ya kufika kwenye gari. Bi Mkubwa aliliita boflo refu. Alilalamika kwamba kufika magharibi linakuwa fimbo, jambo ambalo ni kweli, ndiyo maana wao hununua mara mbili kwa siku. Yeye alipata njia yake: la jana analichovya kwenye mayai, sukari na hiliki, analikaanga kwa siagi. Kuanzia siku hiyo tulinunua mikate mingi makusudi ili ibaki.

Kabla ya saa sita tulikuwa Avignon, soko la ndani la Les Halles kwenye uwanja wa Place Pie. Ukuta wake wa mbele umeota mimea tangu chini hadi juu, kazi ya mtaalamu wa mimea Patrick Blanc. Ndani tulikwenda moja kwa moja kwa samaki. Kibao cha samaki Ufaransa lazima kiseme mengi: jina, amevuliwa au amefugwa, na eneo la bahari. Namba 37 ni Mediterania, 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki. Kamba wakubwa walikuwa na kibao cha Madagaska na nembo nyekundu ya ubora. Bi Mkubwa aliposikia jina hilo alicheka, akasema wamesafiri kuliko yeye. Mume wangu alitaka samaki wa kuvuliwa, bei ikamrudisha kwa wa kufugwa Ugiriki. Muuzaji akauliza: wa kuchoma au wa mchuzi, na lini? Akawapara magamba, akatoa matumbo, akaacha vichwa kwa ombi letu, yote bila malipo ya ziada. Juu akatupia fungu la kotmiri ya kizungu, ile isiyo na harufu kali. Wauza samaki wengi hutoa bure.

Jumatano

Saint-Rémy-de-Provence, soko la Jumatano. Zuri, limejaa watalii, bei zimepanda ngazi moja. Tulitembea zaidi ya kununua. Kilichotupeleka ni mafuta ya zeituni ya bonde la Les Baux, yanayokamuliwa pale pale, na kwenye vinu wanakuonjesha kabla ya kununua. Kuna ya zeituni mbichi, yanakuwasha koo na kunukia majani, na kuna ya zeituni zilizoachwa siku kadhaa baada ya kuchumwa, yenye ladha nzito kidogo. Nilichukua ya kwanza kwa samaki. Mchana kuanzia saa sita na nusu mji ulifunga milango, ukafunguka tena alasiri. Hata dukani kwa dawa za mbu na mishumaa walikuwa wamekwenda kula.

Jioni nilipika ule mchele mwekundu wa Camargue, nikauchanganya na nyanya, mizeituni na yale mafuta. Bi Mkubwa alikula, akasema unatafunika vizuri. Kwake hiyo si sifa.

Alhamisi

Joto lilipanda mpaka nyenje wenyewe walichoka. Hatukutoka kabla ya saa kumi na moja jioni, nayo ilikuwa sawa, kwa sababu soko la Velleron ni la jioni. Hili ndilo ninalolipendekeza kuliko yote. Majira ya joto linafanyika saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na wanaouza ni wakulima wenyewe wa mashamba ya karibu, kila mmoja na alichovuna. Hakuna sabuni za lavenda, hakuna vitambaa vya meza. Magari madogo yamegeuza migongo, makreti yamepangwa chini, wanunuzi wanakaa upande wa pili na vikapu wakikodolea macho pichi za mbele kabisa, na saa haijafika hakuna anayeuza. Ikifika, watu wanakwenda kwa mwendo wa haraka ambao hauruhusiwi kuitwa kukimbia.

Bibi wawili waliotutangulia walikuwa wakiagiza kwa ratili ya Kifaransa, ambayo ni nusu kilo kamili, ingawa mizani yote ni ya gramu. Aprikoti zilikuwa zinamalizika msimu, kwa hiyo kreti zima la zilizogongana liliuzwa kwa bei ya jamu. Mabiringani meusi yanayong'aa, vitunguu thaumu vipya vyenye ganda la zambarau, mumunye ndogo zenye maua yake bado.

Hapa Bi Mkubwa alijaribu kupatana bei. Nilikuwa nimemwambia kwamba kwenye chakula Wafaransa hawapatani, bei iliyoandikwa ndiyo hiyo. Hakunisikia. Alimshika mkulima mmoja, mzee mfupi mwenye mikono iliyokaushwa na udongo, akamwonyesha vidole vitatu badala ya vinne kwa kapu la mabiringani. Mzee akatikisa kichwa. Bi Mkubwa akaweka yuro nne mkononi mwake, kwa heshima, bila kinyongo. Mzee akazipokea, akapima, akafunga mfuko, halafu akarudi kwenye gari akatoa fungu la rihani na pilipili mbili akazitumbukiza juu. Bi Mkubwa akanigeukia. "Umeona, mwanangu? Nyongeza ipo. Ulikuwa hujui kuiomba."

Ijumaa

Carpentras asubuhi, soko refu linalozunguka mji wa kale wote. Majira ya baridi siku hii ya Ijumaa huuzwa uyoga mweusi wa chini ya ardhi, ule wa bei ya dhahabu. Julai tulipata pipi. Berlingots ni pipi za pembetatu za hapa, zenye mistari myeupe, za sukari ya kuchemsha, na jelatini hazina. Tukabeba za zawadi.

Jioni ilikuwa ya kumaliza friji. Mabiringani ya kukaanga, merguez za mwisho, mchuzi wa nyanya zilizokuwa zinaelekea kuharibika, na boflo la jana. Chumvi, mafuta ya kupikia na pakiti ya pasta tuliyoikuta kabatini tuliviacha kwa wanaokuja, kama tulivyoachiwa.

Jumamosi

Funguo saa nne asubuhi, lakini sisi tulikwisha kuondoka alfajiri, kwa sababu samaki wa Vieux-Port pale Marseille wanauzwa asubuhi tu. Tulikodi chumba chenye jiko kwa usiku wa mwisho. Bandarini wavuvi wanapanga mabeseni ya rangi ya buluu kwenye gati, na samaki wengine bado wanapiga mikia: wekundu wenye miiba wanaotiwa kwenye supu ya mji huu, bouillabaisse, wembamba wenye rangi kama za kitenge, sardini, na pweza. Muuzaji mama akamwinua pweza kwa kichwa, mikono ikajizungusha kwenye kiwiko chake. Bi Mkubwa akasogea mbele ya watu wote. Huyu aliruhusiwa kumshika.

Kutoka bandarini hadi mtaa wa Noailles ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na hapo lugha zinabadilika. Soko la Capucins limebanana baina ya maduka ya Waarabu, Waafrika Magharibi na Wangazija. Marseille ina Wangazija kwa maelfu mengi, wengine wakisema ni mji mkubwa wa Wakomoro kuliko Moroni yenyewe. Muhogo umepangwa na udongo wake, ndizi za kupika, viazi vitamu, nazi, bamia, pilipili mbuzi. Mama mmoja aliyevaa kanga alikuwa mbele yetu kwenye friza ya duka, anachambua pakiti za majani ya muhogo yaliyotwangwa. Bi Mkubwa alimsikia akiongea na mwenye duka, akamgusa bega: "Wewe Mngazija?"

Yule mama akageuka. Unguja ina Wangazija wake tangu enzi za masultani, na Bi Mkubwa amekua nao mtaa mmoja, kwa hiyo ndani ya dakika mbili walikuwa wameshatajiana mitaa na koo, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kingazija na Kiswahili cha shangazi yake aliyeolewa Malindi, Unguja. Binti yetu alisimama na Kifaransa chake, hana kazi. Yule mama alituchagulia pakiti, akaitupa ile aliyoishika Bi Mkubwa kwa maelezo kwamba imeganda mara mbili, akatueleza kwamba wao majani hayo wanayapika kwa tui na samaki, wanaita mataba. Bi Mkubwa akamweleza kisamvu chake kwa kunde. Walikubaliana kuhusu tui, hawakukubaliana kuhusu kunde. Mwenye duka, Mwaljeria, aliwasubiri na mashine ya kadi mkononi, na watu nyuma yetu wakaanza kupumua kwa nguvu.

Usiku kisamvu cha nazi, pweza wa kuchemsha kisha kukaangwa na kitunguu thaumu cha Velleron, na basmati iliyobaki.

Jumapili

Mafuta ya zeituni tuliyazungushia kanga na kuyaweka kwenye sanduku la kuingia chini ya ndege, pamoja na chumvi ya Camargue, mizeituni, pipi na mchele mwekundu ambao hakuna aliyeutaka. Jibini ni jambo jingine. Tangu Aprili 2025 Uingereza hairuhusu msafiri kutoka Umoja wa Ulaya kuingia na jibini, maziwa wala nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe kwa matumizi yake, hata kama ameinunua dukani na imefungwa vizuri. Mume wangu alikuwa na Banon la pili, alilonunua Saint-Rémy bila kusema. Alilifungua kwenye benchi nje ya uwanja wa ndege, akatenganisha majani, likaanza kumwagika. Hakukuwa na kijiko. Binti akavunja mkate, wakala wote wawili mpaka ukindu, Bi Mkubwa akiwatazama na kuwauliza kama kweli hicho kilikuwa cha leo.